Mimi ni raia wa Uingereza, mume wangu yuko Mombasa: kwa nini sheria ya wageni inanibana mimi?

Swali: "Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Leicester mwaka wa kumi na nne sasa, na pasipoti ya Uingereza niliipata 2017. Mimi na mume wangu tulioana Mombasa 2018, ndoa imesajiliwa, na mtoto wetu wa miaka mitano amezaliwa hapa Leicester. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, saa 38 kwa wiki, pauni 12.60 kwa saa. Kwa mwaka ni kama 24,900 kabla ya kodi. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi, na ana nyumba ya kupangisha Kisauni, vyumba sita, inayomwingizia shilingi 36,000 kwa mwezi. Hali yake si mbaya, pengine ananishinda mimi. Kila nikiwasha televisheni nasikia wanasiasa wanashindana nani atapunguza wageni zaidi. Huyu anasema kiwango cha mshahara kitafika 38,700, yule anasema siku hizi ni miaka kumi. Rafiki yangu ananishauri nimlete kwa viza ya kutembea, akishafika tubadilishe. Mwingine ana mtu wake wa 'kunenepesha' akaunti yangu. Nimechoka. Mimi ni raia, nalipa kodi, napiga kura. Kwa nini sheria ya wageni inanibana mimi, na nifanye nini?"

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitafuta tarakimu, maana ndiyo desturi ya kazi hii ya ushauri wa uhamiaji. Mara ya pili nilikwama kwenye maneno matatu: "mimi ni raia". Wengi wanaoketi mbele ya meza yangu wana mshangao huo huo. Wamekula kiapo, wamepewa cheti, wamepiga picha na meya, wakaamini mambo ya uhamiaji wameyapa kisogo. Siku ya kumwombea mume au mke viza wanajikuta wamerudi upande ule ule wa dirisha.

Ukweli ambao wanasiasa hawausemi kwa sauti ni huu: viza ya mwenza, kwa sehemu yake nzito kabisa, ni mtihani wa raia. Mume wako atapimwa Kiingereza cha mwanzo, cha kusikiliza na kuzungumza. Atapimwa kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa, na rekodi yake itaangaliwa. Hayo atayamaliza kwa wiki chache. Lakini suala la fedha, ambalo ndilo linalowaangusha wengi, unaulizwa wewe. Kwa hiyo hujakosea kuhisi unabanwa. Umebanwa kweli, na umebanwa kwa makusudi ya sheria yenyewe.

Na jambo hili si geni kwetu watu wa Afrika Mashariki. Huko huko Leicester unakoishi, jirani yako wa Kihindi mwenye umri mkubwa anaweza kukusimulia ya 1968. Kenya ilipopata uhuru 1963, Wahindi wengi walibaki na pasipoti za Uingereza. Baada ya Kenya kukaza sheria zake za uhamiaji na leseni za biashara mwaka 1967, wakaanza kupanda ndege kwenda London, kwa pasipoti zao halali. Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwa siku tatu, na kuanzia Machi 1968 pasipoti ile haikutosha kumwingiza mwenyewe mpaka awe na mzazi au babu mwenye asili ya Uingereza. Raia walifungiwa mlango wa nchi yao. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema ubaguzi ule ulikuwa udhalilishaji. Na 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, halmashauri ya mji wa Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije Leicester. Walikuja, na leo huwezi kuufikiria mji ule bila wao.

Kuna kisa cha pili kinachokuhusu zaidi kama mwanamke. Miaka ya 1980 mwanamume aliyekuwa na makazi Uingereza alimleta mkewe kwa urahisi kuliko mwanamke alivyomleta mumewe. Wanawake watatu walikwenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, na mwaka 1985 walishinda: mahakama ilisema huo ni ubaguzi wa kijinsia. Unajua serikali ilirekebishaje? Haikuwarahisishia wanawake. Iliwakazia wanaume, wote wakawa sawa katika ugumu. Ninakisimulia kisa hiki kwa kila anayeniambia kwamba kesi ikishinda mahakamani mambo yatanyooka yenyewe.

Sasa tuje kwenye hiyo namba inayokunyima usingizi. Sharti la kipato cha chini liliingia Julai 2012, likiwa pauni 18,600 kwa mwaka. Lilikaa hapo karibu miaka kumi na miwili. Desemba 2023 serikali ya Rishi Sunak ilitangaza kulipandisha hadi 38,700, zikapigwa kelele nyingi, ikaamua kupanda kwa hatua. Hatua ya kwanza, 29,000, ilianza tarehe 11 Aprili 2024. Hatua zilizobaki zilisimamishwa na serikali ya Labour iliyoingia Julai mwaka huo, ambayo iliiagiza Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji ilichunguze sharti lote upya. Kamati ilitoa ripoti yake Juni 2025. Haikuunga mkono 38,700. Ilitahadharisha kuwa kiwango hicho kina hatari ya kugongana na haki ya maisha ya familia, na ikataja viwango vilivyo chini ya 29,000, kikiwemo cha kati ya 23,000 na 25,000. Ripoti ni ushauri tu, haibadilishi sheria. Ninapokuandikia, kiwango chako ni 29,000. Usikimbilie kuomba kwa hofu ya 38,700, na pia usikae kusubiri kishuke. Yote mawili nimeyaona yakiwagharimu watu.

Hiyo "miaka kumi" nayo ina chanzo chake. Mei 2025 serikali ilichapisha waraka wa mageuzi ya uhamiaji uliopendekeza kwamba wahamiaji wengi wasubiri miaka kumi badala ya mitano kabla ya kupata makazi ya kudumu. Lakini waraka huo huo ulisema wenza wa raia wa Uingereza watabaki na miaka mitano. Aliyekwambia kumi amesoma kichwa cha habari akaishia hapo. Miaka kumi inaweza kumpata mwenza wa raia kwa njia nyingine, ile ya mazingira ya kipekee, ambayo nitaigusa baadaye kidogo.

Kuhusu kumleta kwa viza ya kutembea halafu mbadilishe akishafika: hapana, dada. Kanuni hazimruhusu mgeni wa kutembea kubadili akiwa ndani kuwa mwenza. Na akiomba viza hiyo akisema atarudi ilhali nia yenu ni abaki, amesema uongo kwenye fomu ya serikali. Fomu hiyo haifutiki. Itafunguliwa siku ya maombi ya kweli. Lakini akija kweli kuwatembelea, akae wiki tatu, ampeleke mtoto shule, kisha arudi dukani kwake, hilo ni halali na linajenga historia nzuri. Tofauti iko kwenye nia.

Na huyo wa "kunenepesha" akaunti, mkimbie. Akiba haihesabiwi mpaka ikae mikononi mwenu miezi sita mfululizo, na haihesabiwi kama ni mkopo. Fedha iliyoingia juzi kutoka kwa mtu asiye na sababu ya kukupa inaonekana kwenye taarifa ya benki mara tu afisa anapoitazama. Wanaofanya biashara hiyo wanajua. Wakishalipwa chao, barua ya kukataliwa itasomwa na wewe peke yako.

Sasa kosa ambalo limo ndani ya barua yako mwenyewe, ingawa umelisema kwa staha: unahisi kipato cha mume wako kinapaswa kuokoa jahazi. Kwa akili ya kawaida, ndiyo. Familia ni mfuko mmoja. Lakini sheria hii, mwombaji akiwa nje ya Uingereza, haihesabu mshahara wake wala faida ya duka lake. Hoja yao ni kwamba akihama anaiacha kazi ile nyuma. Kwa hiyo duka la shemeji, hata lingekuwa kubwa namna gani, liweke pembeni.

Hata hivyo usiiweke pembeni nyumba ya Kisauni.

Hapa ndipo nilipokaa sawa kwenye kiti niliposoma barua yako. Kodi ya nyumba haihesabiwi kama kazi. Ni mapato ambayo yataendelea kuingia hata yeye akiwa Leicester, na kanuni zinaruhusu mapato ya upangishaji ya mwombaji au ya mdhamini wake, yaani wewe, nyumba iwe Uingereza au nje, kuongezwa juu ya mshahara wako. Shilingi 36,000 mara miezi kumi na miwili ni 432,000. Tuchukulie pauni moja ni shilingi 170: hiyo ni kama pauni 2,540 kwa mwaka. Pengo lako kutoka 24,900 hadi 29,000 ni pauni 4,100. Ukitoa kodi ya Kisauni, pengo linabaki kama pauni 1,560. Ukiligawanya kwa wiki 52 ni pauni 30 kwa wiki, yaani pungufu kidogo ya saa mbili na nusu za kazi kwa malipo yako ya sasa.

Isome tena hiyo sentensi ya mwisho. Umeniandikia kama mtu aliyezingirwa na bahari, kumbe maji yanakufika magotini.

Lakini kodi hiyo lazima ithibitishwe, na uthibitisho ndio kazi yenyewe. Watataka taarifa za benki za miezi kumi na miwili zinazoonyesha kodi ikiingia kwenye akaunti ya mume wako, pamoja na mikataba ya wapangaji. Najua jinsi vyumba vinavyopangishwa kwetu: mpangaji mmoja anatuma kwa M-Pesa, mwingine anamkabidhi mama mkwe noti mkononi, wa tatu anakatwa kwa kuwa alirekebisha bomba. Mtindo huo uishe mwezi huu. Shemeji afungue akaunti ya benki ya kodi peke yake, wapangaji walipe humo, kila mmoja awe na mkataba uliosainiwa hata kama ni wa ukurasa mmoja. Mamlaka ya Mapato ya Kenya nayo ina lake: upangishaji wa makazi unaozidi shilingi 288,000 kwa mwaka hulipiwa kodi ya serikali ya asilimia 7.5 tangu Januari 2024, na 432,000 imepita hapo. Alipe. Risiti zile zitamfaa pia kama ushahidi.

Halafu kuna jambo la Mombasa ambalo mwanasheria wa Leicester asiyeijua pwani hatalifikiria. Ile nyumba ni ya nani, na ardhi ni ya nani? Nyumba nyingi za Kiswahili zimejengwa kwenye ardhi ya mwenye shamba, mwenye nyumba analipa kodi ya ardhi tu: nyumba bila ardhi, kama tunavyoita. Afisa wa Uingereza anatazamia hatimiliki. Kama hatimiliki ni ya marehemu babu, au hakuna hatimiliki bali karatasi za makubaliano na mwenye ardhi, hilo ni la kumpelekea wakili wa Mombasa mapema, si wiki ya mwisho. Na kama shemeji mwenyewe analala kwenye chumba kimoja cha nyumba hiyo, mseme hivyo kwa mshauri wenu, kwa sababu nyumba anayoishi mwenyewe haihesabiwi sawa na nyumba ya kupangisha.

Kwa upande wako, hesabu ya mshahara ni ya kabla ya kodi, na saa za ziada zinahesabiwa. Kwa mtu anayelipwa kwa saa akiwa na mwajiri yule yule miezi sita au zaidi, kwa kawaida wastani wa miezi hiyo sita ndio unaozidishwa kuwa wa mwaka. Kazi ya pili nayo inajumlishwa, mradi iwe nayo imefikisha miezi sita. Ushauri wangu: usilenge 29,000 kamili. Shilingi inaweza kushuka, mpangaji anaweza kuhama, wewe unaweza kuugua wiki moja. Ongeza saa nne kwa wiki badala ya mbili na nusu, na pamoja na Kisauni utakuwa umefika kama 30,000. Kama nyumba ya Kisauni itashindikana kuthibitishwa, utahitaji saa nane hivi kwa wiki ili uwe na nafasi ya kupumua. Zamu moja ya Jumamosi.

Siandiki "zamu moja ya Jumamosi" kana kwamba ni jambo jepesi. Una mtoto wa miaka mitano na uko peke yako. Ile zamu ina bei: ama umlipe mtu wa kumwangalia, ama umwombe jirani, ama mtoto amkose mama siku ambayo hana shule. Sheria inayodai kulinda familia inamwambia mama amwache mtoto kwa saa nyingi zaidi ili baba yake aruhusiwe kuja kumlea. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na bado jambo hilo linaniuma. Hata aliyefanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki zote 52, kwa kima cha chini cha mshahara cha Aprili 2025, pauni 12.21, alipata kama 25,400. Maana yake serikali iliweka kima cha chini cha kuishi, kisha ikaweka kiwango cha juu zaidi cha kuishi na mume wako. Mimi naona hapo pamepotoka.

Lakini habari ya kukufariji ni kwamba ratiba inakusaidia. Kisauni inahitaji miezi kumi na miwili ya benki. Saa zako za ziada zinahitaji sita tu. Kwa hiyo anza na akaunti ya shemeji sasa, na zile saa nne uzianze baada ya miezi sita, uendelee nazo mpaka uamuzi utoke. Mtoto atapungukiwa na mama kwa nusu mwaka na ushei, haitakuwa mwaka mzima.

Akiba nayo ni njia, ila ni ghali. Kanuni inachukua pauni 16,000 za kwanza kana kwamba hazipo, kisha kila pauni ya pengo inadai pauni mbili na nusu za akiba. Kwa pengo lako la 4,100 hiyo ni 26,250. Kwa pengo la 1,560, baada ya kodi ya Kisauni, ni kama 19,900. Akiba inaweza kuwa ya mume wako, yako, au ya pamoja, na zawadi ya kweli kutoka kwa ndugu inakubalika ikishakaa miezi sita. Kama shemeji anafikiria kuuza kiwanja, fedha za mauzo zinaweza kukubaliwa mapema zaidi iwapo kiwanja kilikuwa chake kwa kipindi hicho chote. Lakini sikushauri auze mali inayozaa ili kujaza pengo la saa mbili na nusu. Kiwanja kikiondoka hakirudi.

Na fedha mtazihitaji kwingine. Kwa viwango vya Aprili 2025, ada ya viza yenyewe ilikuwa pauni 1,938, na mchango wa huduma za afya ulikuwa 1,035 kwa mwaka, kwa miaka mitatu 3,105. Hizo zilikuwa pauni 5,043 kabla hajapanda ndege. Viza ya kwanza ni ya miezi 33. Inafuata ya kuongeza, miezi 30, ambayo kwa viwango hivyo ilikuwa pauni 1,321 pamoja na mchango wa afya 2,587.50, kisha makazi ya kudumu, 3,029. Njia nzima ilikaribia pauni 12,000, na ada hupanda karibu kila Aprili. Mtu yeyote anayekuambia wageni hawalipi chochote, mwonyeshe hesabu hii. Mwonyeshe pia kwamba kwenye viza hiyo mume wako hatakuwa na haki ya benefiti, na kwamba kodi atakatwa kuanzia mshahara wa kwanza.

Hapo ndipo mjadala wenyewe ulipo, na nitausema kwa haki pande zote mbili. Serikali zilizopita na hii ya sasa zinasema: anayemleta mwenza amudu kumtunza, mlipakodi asibebeshwe. Hoja hiyo si upuuzi. Mwaka 2017 majaji saba wa Mahakama ya Juu ya Uingereza waliikubali kimsingi. Walisema sharti la kipato linaleta dhiki kwa maelfu ya wanandoa lakini lengo lake ni halali. Hapo hapo wakasema kanuni hazikuwajali watoto inavyotakiwa, na kwamba maafisa walizuiwa isivyo haki kuangalia vyanzo vingine vya fedha. Miaka miwili kabla, Kamishna wa Watoto wa England alikuwa ametoa ripoti kuhusu watoto wanaomjua mzazi mmoja kupitia kioo cha kompyuta, akakadiria kuwa huenda wamefika 15,000. Mwanao leo yuko katika hali ile ile. Mimi nasimama na wanaosema kiwango kikubwa hivi hakilindi hazina ya taifa, kwa sababu mzazi anayelea peke yake ndiye anayeishia kuhitaji benefiti. Ukimpa mwenzake wa kushika mtoto, anaongeza saa kazini bila kusukumwa. Lakini ninakushauri kwa sheria ilivyo leo, si kwa ninavyotaka iwe.

Kutokana na hukumu ile ya 2017, kanuni zilibadilishwa. Ikiwa kumkataa mume wako kutaleta madhara makali yasiyo na uhalali kwake, kwako au kwa mtoto, afisa anatakiwa aangalie fedha nyingine: ahadi ya kuaminika ya msaada wa ndugu, kazi iliyo tayari kumsubiri, na kadhalika. Mtoto wako ni raia, na maslahi yake lazima yapimwe. Ila anayepita kwa mlango huu huwekwa kwenye njia ya miaka kumi, ada zake nyingi zaidi, na mtu hana uhakika mpaka barua itoke. Kwa mtu aliyepungukiwa kidogo kama wewe, huo uwe mlango wa mwisho. Yupo anayeuhitaji kweli: mwenye mtoto mgonjwa, au asiyeweza kuongeza hata saa moja. Na wanaopokea misaada fulani, kama ya ulemavu au ya kumtunza mgonjwa, hupimwa kwa kipimo tofauti kabisa, hawadaiwi 29,000. Ikiwa lolote kati ya hayo linakugusa na hukuliandika, mwambie mshauri.

Kuhusu karatasi, nikuachie taswira moja. Mama mmoja alikuja kwangu na hati zake za mshahara ndani ya kopo la biskuti, zimekunjwa vizuri kwa mpira. Tukazipanga mezani mwezi kwa mwezi. Zilikuwa tano. Ya Februari haikuwepo. Mwajiri alibadilisha mfumo wa kulipa na hakuichapisha. Mshahara wa Februari uliingia benki, anao, lakini uliingia kwa mafungu mawili, na jumla yake ikapishana kwa pauni 41 na ile ya barua ya mwajiri. Alikuwa ameshalipa ada. Walimkataa, akaanza upya. Kwa hiyo kila mwezi, siku ya mshahara, kaa dakika kumi: hati ya mshahara hapa, taarifa ya benki pale, tarakimu zilingane mpaka senti ya mwisho. Zikipishana, mwandikie mwajiri siku hiyo hiyo. Mwombe mapema pia barua inayotaja kazi yako, tangu lini, mshahara na aina ya mkataba. Weka pia ushahidi kwamba ndoa ipo hai: picha za safari zako, tiketi, fedha alizokutumia au ulizomtumia, rekodi za simu. Nyumba unayoishi iwe na nafasi ya watu watatu bila kubanana kisheria.

Hapa sasa nakuomba usiishie kwenye barua yangu. Mtafute mtu wa kukaa naye ana kwa ana kabla ya kulipa chochote, hasa kwa ajili ya umiliki wa nyumba ya Kisauni, na bila kuchelewa kabisa kama shemeji ameshawahi kunyimwa viza yoyote, ya nchi yoyote, au ana kesi ya jinai. Uingereza ni kosa la jinai kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa. Wakili awe amesajiliwa na chama chake, au mshauri awe kwenye orodha ya Immigration Advice Authority, ambayo hadi Januari 2025 iliitwa OISC. Muulize namba yake ya usajili, uitazame mwenyewe kwenye orodha. Mtu mkweli hatakasirika. Msaada wa kisheria wa serikali kwa kesi za viza ya mwenza uliondolewa 2013 isipokuwa kwa hali chache, lakini vipo vituo vya sheria vinavyotoa saa ya kwanza bure. Mkikataliwa, rufaa ya haki za binadamu ina siku 28 kwa aliye nje ya nchi. Usizitumie siku hizo kuulizana kwenye makundi ya WhatsApp. Na mbunge wako ana ofisi: kesi ikikwama anaweza kuiulizia wizarani, na kuhusu sheria yenyewe, wewe ni mpiga kura wake. Mwandikie barua uliyoniandikia mimi, hasa ile sehemu ya mtoto.

Shemeji akifungua akaunti wiki hii na wapangaji wakaanza kulipa humo mwezi ujao, miezi yenu kumi na miwili itakuwa imeanza kuhesabiwa. Mpigie usiku huu, umwambie aanze na mpangaji wa chumba cha kwanza.